Mwendo wa Mtu Anayeweza Kuzungumza

Mwaka 1970, kampuni ya madini ikiwa mali ya serikali kwa mwaka wa nne, tangazo lilibandikwa kwenye lango la kiwanda cha Panda kueleza kwamba kampuni inayajali mapafu ya wafanyakazi wake. Waliozoea matangazo waliingiwa na hofu papo hapo. Zéphirin, fundi wa mashine ya kuvunjia mawe, alilisoma mara mbili akitafuta sentensi yenye madhara, akaikuta mwishoni, mahali zinapowekwa siku zote: baada ya miezi michache kila mfanyakazi wa mashine za mawe angekimbia kutoka Panda hadi karieri ya Kakontwe, machimbo ya chokaa, mbele ya daktari, na ambaye hangefika kabla ya king'ora cha adhuhuri angehesabiwa kuwa kifua chake kimechoka, naye angestaafishwa.

Kustaafu kwenyewe hakukumtisha mtu. Kilichotisha ni kwamba nyumba zote za kambi ya wafanyakazi zilikuwa za kampuni, na aliyetoka kazini alitoka na nyumbani pia.

Eugénie, mkewe, alizipokea habari hizo akiwa ameinama kwenye tuta lake la lengalenga nyuma ya jiko. Aliishi katika nyumba ile tangu siku ya ndoa yake. Hakuinua kichwa.

"Sasa weye utakimbia?"

"Minye sijakimbia toka ku masomo."

"Njo utaanza. Minye siwezi kurudia kwetu na masufuria ku kichwa, batu banauliza Eugénie alifanya nini."

Zéphirin hakuwa mtu wa kuamini mambo upesi. Alikuwa amesoma kila kitabu alichoazimwa na mapadri, pamoja na vile ambavyo mapadri walisahau kwamba wanavyo, na kutoka kote huko alikuwa amebakiwa na mashaka tu, ambayo aliyatunza vizuri. Hata hivyo alivuka uchochoro akaenda kwa jirani yake Damas, mwalimu mstaafu wa mazoezi ya viungo aliyehifadhiwa na mwanawe mfanyakazi wa kampuni, na aliyevaa filimbi shingoni hata siku za misa.

Damas alikuwa amengoja miaka kumi mtu wa kumuuliza swali lile. Alimkalisha kwenye kiti, akamweleza kwamba watu wote wanaokimbia hukosea kwa namna moja: huondoka kama waliofukuzwa na nyuki, kisha hufa njiani.

"Mwendo muzuri," alisema, "ni ule unaweza kuzungumza nao. Ukishindwa kumaliza phrase, unakwenda mbio sana. Ukiweza kuimba, weye unatembea."

"Na nikiweza kunyamaza?"

"Usinichekelee, Zéphirin. Minye nafundisha."

Akaendelea. Safari irefushwe kidogo kidogo, wiki kwa wiki. Siku ya kupumzika iheshimiwe kama Jumapili. Viatu vipya visivaliwe siku ya kazi kubwa. Bukari, ugali wa huko, iliwe jioni ya kuamkia safari, si asubuhi yake, kwa maana bukari haina haraka. Na mwishoni kabisa, pumzi ikiwa bado ipo, itumike, kwa sababu hakuna mtu anayelipwa kwa pumzi aliyorudi nayo nyumbani. Zéphirin aliyasikiliza yote kwa uso aliokuwa akisikilizia mahubiri, akaondoka ameazimia kuyafuata, kwa kuwa hakuwa na mengine.

Jambo ambalo Damas hakulifikiria, ingawa alizaliwa Panda, ni maana ya mtu mzima anayekimbia kambini. Watoto walikimbia, na wachezaji wa mpira walikimbia uwanjani. Lakini baba mwenye mvi aliyekimbia kati ya nyumba alikuwa na maana moja tu: jiwe au mashine imemchukua mtu kiwandani, naye ametumwa kuleta habari. Iwapo alikimbia polepole, hali ilikuwa mbaya zaidi, kwani ilionyesha kwamba nyumba anayoiendea hataki kuifikia.

Zéphirin alikimbia polepole sana. Alipopita safu ya kwanza, Gertrude, mke wa fundi mwenzake Barnabé, aliacha mwiko ndani ya sufuria akaweka mikono kichwani.

"Ni nani? Papa Zéphirin, ni nani?"

Naye, akiogopa kuharibu pumzi, hakujibu. Gertrude akapiga ukelele, na kutoka hapo vilio vilitangulia mbele ya miguu ya Zéphirin. Katika safu ya pili wanawake walimfuata nyuma, baadhi wamefunga vitenge kiunoni kwa safari ya hospitali, kila mmoja akimwomba Mungu kwamba Papa Zéphirin asisimame mlangoni pake. Alisimama mlangoni pake mwenyewe. Wanawake wakamwangukia Eugénie wakimlilia kwa kufiwa na mume. Ukweli kwamba mume huyo alikuwa amesimama mbele yao akihema haukusaidia upesi kama mtu angetarajia, na viti vya matanga vilikuwa vimekwisha kuazimwa.

Msimamizi wa kambi alimwita siku iliyofuata. Hakumkaripia. Alisema tu kwamba mwanamke mmoja ameunguza bukari, mwingine amekata nywele zake, na kwamba kampuni haiwezi kuwa na matanga bila maiti. Zéphirin aache kukimbia, au akimbie akisema.

"Voilà!" alisema Damas alipoelezwa. "Nilikuambia uzungumze. Haukunisikia."

Basi Zéphirin akawa anakimbia akisalimia. Kila alipofika penye kiwanja cha nyumba alitoa salamu na taarifa kwa pamoja, na kwa kuwa taarifa ilikuwa ndefu, mwendo wake ulilazimika kuwa ule aliouagiza Damas.

"Jambo, Mama Gertrude. Hakuna muntu alikufwa. Ni sport."

"Sport gani hii, Papa? Hata kuku yangu inakupita!"

"Kuku yako haina mahali ya mbali ya kwenda."

Baada ya wiki chache watu hawakulia tena. Walimpa mashauri. Mmoja alimshauri anywe maziwa ambayo kampuni iliwagawia watu wa vumbi, mwingine asiyanywe. Barnabé, mume wa Gertrude, mtu mwenye mapaja kama ya maksai, ambaye alifanya mazoezi yake kwa kuruka juu mara kadhaa mbele ya mlango, alikuwa akimngojea kila jioni kwenye kona.

"Zéphirin, weye unakimbia, ao unasindikiza bageni?"

"Nawasindikiza. Ukitaka kurudia kwako, nitakusindikiza na weye."

Kikohozi chake hakikumwacha, ila kilipata adabu: kilikuja mwishoni mwa sentensi. Mwezi wa Juni ulipofika, na baridi yake kavu, aliweza kufika hadi njia panda ya Kakontwe na kurudi, akisalimia, bila kukata neno. Hakumwambia Damas kwamba anafurahi. Eugénie alipanda tuta la pili.

Siku ya jaribio wanaume walipangwa mbele ya lango. Daktari alikuwa amekwisha kutangulia Kakontwe kwa gari, pamoja na karani wa wafanyakazi. Filimbi ilipolia, kundi zima liliondoka kwa namna ile ya nyuki, Barnabé akiwa mbele akiwapungia mkono wanawake. Zéphirin alibaki nyuma na vumbi lao. Karibu naye alikuwa Nicolas, kijana wa mashine ya pili, ambaye mkewe Simone alikuwa amejifungua wakati wa Pasaka. Nicolas hakuwa amefanya mazoezi yoyote, na kwa unyenyekevu aliamua kumfuata mtu mwenye mwalimu.

Nusu ya njia wakaanza kuwakuta wale wa mbele, wameketi ukingoni wakishika mbavu. Zéphirin aliwasalimia kila mmoja. Walijibu kwa mikono. Kwenye mlima mdogo kabla ya karieri, Nicolas alisimama kufunga kamba ya kiatu, naye Zéphirin akatangulia peke yake hadi penye kona, ambako lori lilikuwa limeegeshwa, limefunguliwa mdomo, na dereva akilimiminia maji. Dereva alikuwa Augustin, mdogo wake Eugénie.

Shemeji hapitwi kwa salamu ya kutupwa juu ya bega. Zéphirin alisimama mbele yake akiendelea kuchezesha miguu, kama Damas alivyomfundisha.

"Jambo, shemeji. Unafanya nini huku? Weye si unaendesha ku Kakanda, kule mbali?"

"Njo nakwenda Kakanda," alisema Augustin. "Nakuja kukamata batu. Dada yangu hakukuambia? Ah, hata yeye hajui. Kule bamefungua shimo mupya, banatafuta batu ba kifua nguvu. Daktari anabasikiliza, bale ba kwanza banapanda mu lori, lori ikijaa batu, naondoka. Leo leo."

"Na bibi zabo?"

"Batafuata, nyumba zikijengwa."

"Zimeanza kujengwa?"

Augustin alifunga mdomo wa lori. "Niliona matofali," alisema.

"Na nyumba za huku?"

"Si kampuni itabapatia bengine? Shemeji, weye usipande. Dada yangu ataniua. Lakini sirène ya adhuhuri pia usichelewe."

Akapanda, akawasha injini, akalipeleka lori juu kwenye karieri kuwapokea washindi.

Zéphirin alisimama kidogo. Kwa mara ya kwanza tangu asome lile tangazo aliona kwamba sentensi yenye madhara haikuwa mwishoni. Haikuwa imeandikwa kabisa. Pale juu, kwenye vumbi jeupe la chokaa, aliwaona wa mbele wakifika, na karani akiwapa mkono. Walikuwa wengi, lakini alijua ukubwa wa lori la Augustin: pangebaki nafasi. Aliyebaki njiani angekosa nyumba kwa udhaifu, na aliyefika kabla lori halijajaa angeikosa kwa nguvu. Kati ya hayo mawili palikuwa na upenyo mwembamba, nao haukuwatosha watu wengi. Akiwaambia wenzake, wote wangepunguza mwendo, lori lisingejaa, na karani angemkamata yeyote aliyekuwa karibu.

Hatua za Nicolas zikamfikia kwa nyuma.

"Papa Zéphirin, uko muzuri?"

"Niko muzuri."

"Minye pia. Nashangaa. Pumuzi iko mingi." Kijana alikuwa akitabasamu, jasho na chokaa vikimfanyia masharubu meupe. "Papa Damas anasema nini juu ya mwisho? Tunabaki hivi hivi?"

Zéphirin alifungua kinywa. Aliweza kusema sentensi yoyote aliyoitaka, ndefu kadiri alivyotaka. Mwalimu wake angejivunia.

"Anasema mu mwisho, kama pumuzi iko, uitumie," alisema. "Hakuna muntu analipwa kwa pumuzi alirudia nayo ku nyumba."

Kila neno lilikuwa la kweli.

"Tuende basi!"

"Tangulia. Minye ni muzee."

Nicolas akaondoka. Alikimbia vizuri, mabega yametulia, na mbele ya macho ya Zéphirin aliwapita watu watatu, ambao kwa aibu ya kupitwa nao wakaongeza mwendo. Zéphirin alibaki na mwendo wake, akawasalimia wachimbaji wa karieri waliokuja kutazama, akawauliza habari za nyumbani, akangojea majibu.

Alipofika juu, vijana wawili walikuwa wakifunga mlango wa nyuma wa lori. Barnabé alikuwa amesimama mbele kabisa, ameshika chuma, akigawa baraka kama askofu. Hakuna aliyekuwa bado amemwambia aendako. Nicolas alikuwa wa mwisho kupanda, amebanwa kwenye mlango, mguu mmoja nje.

"Papa Zéphirin! Aksanti! Ulisema kweli!"

Lori likaondoka. Muda mfupi baadaye king'ora kikalia. Daktari aliweka chuma chake baridi kifuani pa Zéphirin, akasikiliza, akamwomba akohoe, jambo ambalo halikuhitaji kuombwa.

"Kifua si cha Kakanda," alisema daktari. "Lakini kwa ile mashine yake kinatosha."

Hivyo Zéphirin akarudishiwa vumbi lake kwa heshima zote.

Damas alimngojea kwenye njia ya kuingia kambini, akapiga filimbi. Tangu siku ile aliwaeleza watu kwamba mwanafunzi wake alifika akizungumza, jambo ambalo lilikuwa kweli, na akapata wanafunzi wengine sita. Eugénie alimpikia mumewe kuku. Ilikuwa katikati ya kula ndipo kilio cha Gertrude kilipovuka uchochoro, safari hii kikiwa na sababu, kwa maana habari za Kakanda zilikuwa zimefika, na Eugénie akauliza.

"Weye ulijua?"

"Augustin alinielezea ku kona."

"Na Nicolas, mulikuwa naye?"

"Aliniuliza neno ya Damas. Nilimujibu."

Eugénie aliinuka. Kisha akachukua sahani ya nyama iliyobaki, akaifunika, akaipeleka kwa Simone. Alirudi mikono mitupu.

Familia nyingine ilipewa nyumba ya Nicolas kabla mwezi haujaisha. Simone alipakia vitu vyake kwenye mkokoteni asubuhi, mtoto mgongoni; alikuwa akienda kwa dada yake, kungojea matofali. Zéphirin alikuwa zamu ya mchana, akaenda kumfungia godoro kwa kamba. Alifunga kwa uangalifu mkubwa, akafungua, akafunga tena.

"Nicolas alituma neno," alisema Simone. "Anasema weye njo ulimusaidia kufika. Angekuwa peke yake angebaki mu njia. Sijui nitakushukuru namna gani, Papa."

"Hii kamba ni ya zamani," alisema Zéphirin. "Muangalie ku kona."

"Basi nisaidie tena kintu kimoja." Akatoa ufunguo wa nyumba kwenye ncha ya kitenge chake. "Uwapatie ku bureau. Minye gari ya moshi itaniacha."

Aliupokea. Saa nane alikuwa mashineni, nao ulikuwa mfukoni. Ofisi ilikuwa njiani pake, na ilikuwa wazi. Aliupeleka siku ya tatu.