Anaweza Kupanda Ngazi?

...na swali likawa limeshamtoka mzee, Anaweza kupanda ngazi?, tena hakumwuliza mwombaji kazi aliyekaa mbele yake na miwani yake myeusi, alimwuliza mdogo wa mwanamke huyo, yule binti anayekuja kumchukua jioni, aliyeketi kando ukutani kama mtu aliyeletwa kushika mkoba, na sasa feni inazunguka, na mhasibu, mwenzake katika usaili, anasogeza glasi ya maji isiyohitaji kusogezwa... ngazi, katika jengo lisilo na lifti, chumba cha simu kiko ghorofa hii hii na mwanamke huyu hupanda kila asubuhi, miaka yote hii, na hakuna anayechangisha kwa simu kumzidi, alitafuta neno na ngazi ndizo zilizokuja, kwa sababu jambo lenyewe lisingesemeka, kwamba akilini alishamwona sebuleni kwa tajiri, akipapasa kikombe, tajiri akitazama saa, na yeye aliyeuliza ndiye mkuu wa uchangishaji, neno lake ndilo litakaloamua kama mwanamke huyu atapewa kazi ya kuonana na wafadhili au atarudi kwenye simu yake, yeye aliyeandika katika tangazo kwamba watu wenye ulemavu wanahimizwa kuomba, na alipoandika alijiona mtu mwema kabisa... na walipomwuliza mwanamke kwa nini anataka kutoka kule, alisema, "Kwenye simu tulikuwa sawa, wao hawanioni, mimi siwaoni, sasa nataka na wao wahangaike kidogo," wakacheka, mzee akacheka kuwazidi wote, halafu ngazi... "Mzee anaulizia ngazi, mdogo wangu," mhasibu anamwambia binti kwa upole, kana kwamba naye ana ulemavu wake, wa masikio, na binti anasema, "Nimesikia, kaka," basi, hakuna zaidi, na upande huo wa meza mzee mwenyewe amewahi kukaa, mgahawani, mkewe akiwa bado hai, ugonjwa wa koo umeshamnyang'anya sauti, mhudumu kasimama, "Shemeji atakunywa nini?", akimtazama yeye mume, naye akajibu, chai ya rangi, upesi, ili mhudumu aende zake, wakati kidole cha mkewe kilikuwa kimeshafika kwenye juisi ya nanasi katika orodha, na mkewe akainua uso, na tangu mazishi amekuwa akijiambia kwamba jicho lile lilimlenga mhudumu, mhudumu asiye na adabu, hata kwa dada wa marehemu alisimulia hivyo, wakasikitika pamoja... lakini mhudumu alisimama kushoto, na mkewe alitazama mbele, na mbele alikuwako yeye, na chai ile mkewe aliinywa yote, polepole, bila kumtazama tena... na huyu binti, mdogo kiasi cha kuwa mwanawe, anaendelea kutojibu, hana hasira, anakunja na kukunjua ukanda wa mkoba, kumbe ilikuwa rahisi namna hii, kunyamaza tu, mpaka mwenye swali ageuze shingo, na shingo yake yeye ni nzito kama si yake, feni inazunguka, mhasibu anakohoa, na mwanamke amekaa wima, uso ameuelekeza pale pale sauti ilikotoka, anangoja kuulizwa.