Nafasi ya Mama Kando ya Gogo

Natangaza rasmi, kwa wakazi wote wa kingo zote mbili za mto Tamsey, kwamba mimi, Thora Vangsness, mwenye umri wa miaka kumi na sita, ni mvuvi kamili wa kichwachuma, yule trauti anayekwenda baharini akiwa kidole na kurudi mtoni akiwa paja. Tangazo hili lisibanduliwe wala kuchorwa masharubu.

Hadi Ijumaa ya wiki ninayoisimulia, nilikuwa nimekwisha kunasa mwerezi mmoja, kofia ya Mzee Hutchings, na pua yangu mwenyewe, upande wa kushoto.

Nilikuwa nyumbani kwa sababu shule ya bweni ilinipa wiki mbili za kujitafakari. Nilikuwa nimebandika ukutani barua yenye mhuri, ikiamuru chakula cha jioni kiliwe kimya kwa heshima ya viazi. Watu mia mbili walitii, walimu wakiwemo, na makamu wa mkuu wa shule alivua kofia. Walinirudisha kwetu bila simu. Simu walibaki nayo, labda nayo ijitafakari. Kukosa simu ndiko kulikoniponza, kama mtakavyoona.

Nyumbani nilimkuta Mama mkono umening'inia kwenye kitambaa shingoni. Gogo la kiwanda cha mbao lilimvunja bega Novemba, kabla vichwachuma hawajaanza kupanda mto. Sasa ilikuwa Machi, bega limeshapasuliwa mara mbili, na msimu unafungwa Jumapili.

Kwenye mkondo wetu watu kumi husimama ukingoni kwa safu, hatua sita kati ya mtu na mtu. Wa juu hutupa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu, na vyelezo, vile viboya vidogo vya mishipi, vyote huteremka na maji kama watoto wa chekechea wakienda kunawa mikono. Ukitupa nje ya zamu, unafunga mishipi ya watu wanne fundo moja. Nafasi si za serikali. Ni za nyumba, almuradi kila msimu mtu wa nyumba hiyo alete walau kichwachuma mmoja mkononi, hata akimwachia baadaye, na mtu mwingine amwone. Nafasi ya nne, kando ya gogo lililozama nusu, ni ya Mama kwa miaka kumi na tisa. Msimu huu ilikuwa haijatoa hata magamba. Mzee Hutchings, ambaye husimama wa kwanza na hujiona ndiye aliyeuchimba mto, alikuwa ameshaiahidi kwa mpwa wake Corwin, mwanamume wa miaka thelathini asiyesema, anayekula sandwichi.

Jumatatu nilisimama kando ya gogo na fimbo ya Mama. Nilitupa nje ya zamu. Hapo ndipo kofia ilipotoka.

"Binti wa Ragna," alisema Mzee Hutchings, upara wake ukinyeshewa, "hiyo ni fimbo ya kuvulia. Si ya kufukuzia mbuzi."

"Kofia ilikuwa inadondoka, Mzee. Nimeiokoa."

"Jumapili mchana Corwin anasimama hapo."

"Basi atasimama mabegani mwangu, maana mimi sitoki."

Safu ikacheka. Wengine walinicheka mimi, wengine walimcheka yeye. Corwin alitafuna.

Kila jioni Mama alinifundisha mezani, kwa uzi na kijiko, pilipili manga akiimwaga iwe mawe ya mtoni.

"Maji ya juu yana haraka," alisema, akivuta kijiko polepole. "Ya chini hayana. Samaki yuko chini. Ukiacha chelezo kikimbie na maji ya juu, chambo chako kinapita juu ya kichwa chake kama ndege. Kizuie. Kitembee kama mtu anayechelewa kanisani na hataki kuonekana anakimbia."

"Na kikizama?"

"Vuta. Usifikirie. Wewe ukifikiria, mimi huitwa shuleni."

Kisha aliangalia bega lake, akaanza kuzoa pilipili kwa mkono mmoja. Hakuniomba kitu. Angeniomba, pengine ningepata njia ya kukataa. Nafasi ile aliirithi kwa baba yake, na jinsi alivyozoa ile pilipili, punje kwa punje, ilinifanya niape kwa sauti kwamba Corwin ataenda kulia sandwichi zake kwenye mto mwingine.

Jumanne nilifunga mishipi ya watu watatu. Jumatano wawili. Alhamisi hakuna aliyenitukana, jambo lililonitia wasiwasi. Ijumaa ilikuwa siku ya pua.

Jumamosi mchana mvua ilishuka kwa ubavu, na safu nzima ikaenda mkahawani kula pai, kama wafanyavyo kila Jumamosi. Mimi nilibaki. Nilitupa. Chelezo kilitembea kama muumini aliyechelewa. Kikazama, nikavuta, na mto ukavuta nami.

Aliruka mara moja, mrefu, wa fedha, ubavu ukiwa na wekundu kidogo kama aliyepigwa kofi. Kisha akaondoka. Gurudumu la mshipi lililia, nami nikalia kwa sauti hiyo hiyo. Nilimfuata ukingoni, nikaanguka mara mbili, nikapoteza buti moja, nikamtukana kwa maneno ambayo shule haikunifundisha darasani. Baada ya muda ambao siujui, alilala ubavu kwenye maji ya goti, nikapiga magoti, nikamshika mkia. Juu ya mkia huo palikuwa na kovu la meno ya sili, lenye umbo la mwezi.

Na mgongoni, karibu na mkia, palikuwa na pezi dogo.

Sheria ya mto wetu ni fupi. Samaki wa kituo cha kutotoleshea hukatwa pezi hilo wakiwa vifaranga, na huyo unakwenda naye nyumbani. Mwenye pezi lake ni mwana wa mto, na hatolewi majini hata kwa sekunde ya kumbusu. Unamfungua ndoana humo humo na kumwachia.

Niliangalia juu. Hakuna mtu. Niliangalia chini. Hakuna simu. Nilikuwa nimeshika nafasi ya Mama kwa mikono miwili, na njia pekee ya kumwonyesha mtu ilikuwa kumburuta hadi mkahawani.

"Nenda," nilimwambia. "Lakini ujue umeniharibia." Akanipiga maji usoni kwa mkia, akaenda.

Mtu mwadilifu angesimulia ukweli na kupokea kicheko. Mimi nilikwenda kwenye friza. Chini kabisa, nyuma ya nyama ya kulungu na mfuko wa njegere uliopasuka, palikuwa na kichwachuma wa kituo, asiye na pezi, aliyevuliwa na Mama Machi ya mwaka jana. Nilimyeyusha kwenye ndoo nyuma ya nyumba. Jumapili alfajiri nilimficha majini chini ya gogo, jiwe juu yake.

Saa nne asubuhi, safu ikiwa kamili na Corwin akingoja kwenye gari la Mzee Hutchings, nilijifanya ndoana imekwama, nikainama, nikamtia ndoana mdomoni, nikamsukuma kwenye maji ya kasi.

"Samaki!" nilipaza sauti.

Ni desturi isiyovunjwa. Watu tisa walivuta mishipi yao nje wakanipisha. Mkondo ulimchukua marehemu kwa nguvu, fimbo ikapinda vizuri, nami nikapigana. Nilirudi nyuma, nikaenda mbele, nikaomba dua. Hata Mama, aliyekuwa amekuja na chupa ya kahawa, aliweka chupa chini.

"Mbona haruki?" aliuliza mtu wa sita.

"Ni mtulivu," nilisema.

Nilimleta ukingoni. Mzee Hutchings alishuka, akamwinua kwa matundu ya mashavu, akamgeuza. Tumbo likafunguka kama mkoba.

Alichungulia ndani kwa muda mrefu.

"Binti wa Ragna. Samaki huyu amepanda mto bila matumbo."

"Alikuwa na haraka," nilisema.

Mzee akaingiza kidole shavuni mwa samaki. Kikatoka na njegere moja ya kijani.

Safu ilicheka hadi mtu wa tisa akakaa majini. Mama peke yake hakucheka. "Thora," alisema, "huyo ni samaki wangu wa mwaka jana?"

Kicheko chao ndicho kilichoniwasha. Nilipanda juu ya gogo.

"Ndiyo, ni wa friza! Nimedanganya! Lakini jana, mkila pai, nilimleta mkononi wa kweli, mwenye kovu la sili, na nilimwachia kwa sababu alikuwa na pezi! Ningemburuta nje mngenisifu, na ningekuwa mhalifu. Nimemtunza samaki, nimepoteza ushahidi, na sitoki hapa. Mleteni Corwin. Aje anitoe."

Corwin alikuja. Alisimama kwenye mawe, sandwichi mkononi, akamwangalia mjomba wake.

"Ni kweli," alisema. Wengine walikuwa hawajawahi kusikia sauti yake. "Nilikuwa garini jana. Nimemwona. Alipiga magoti majini kama mtu anayemwogesha mtoto."

"Na hukusema?" alifoka Mzee Hutchings.

"Niliitaka nafasi, Mjomba. Nimelala nayo, haikukaa vizuri."

Mzee alitazama njegere kidoleni, akatazama mto, akaipangusa kwenye suruali. "Ameonwa na mtu," alisema, kana kwamba anang'olewa jino. "Nafasi ya nne ni ya Ragna." Kisha akanigeukia. "Na wewe shuka kwenye gogo kabla hujanasa pua nyingine."

Mama alinikumbatia kwa mkono wake mmoja, akawaambia wote, macho yakimlowa, kwamba nimekizuia chelezo kama alivyonifundisha, na kilipozama nimevuta bila kufikiria. Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu mkubwa.

"Hapana," alisema Corwin, ambaye siku hiyo alikuwa ameamua kumaliza maneno yake yote ya mwaka. "Kilipozama hakuwa anakitazama. Alikuwa amevua buti, anakamua soksi. Fimbo aliibana kwa magoti."

Watu kumi na Mama walinigeukia.

Basi nakiri. Nakiri njegere. Nakiri barua ya viazi, na mhuri wake, niliouchonga kwenye kiazi. Nakiri kwamba buti halikupotea vitani; lilikuwa limeshavuliwa. Soksi ilikuwa ya kulia, nilikuwa nimeikamua nusu, na kichwachuma alijinasa mwenyewe, mimi nikiwa nimeangalia pembeni.