Kaburi la Njia ya Ng'ombe

"Kwa hiyo umemzika mama yangu akiwa hai," nilimwambia mume wangu, Mwandu.

"Nisikilize kwanza, mama Joyness."

"Nimekusikiliza tangu saa moja. Msalaba umeandikwa Generoza."

Zamani kiwanja cha ndege kilikuwa nyasi tupu. Rubani alikuwa akizunguka juu mara mbili ili baba yake Mwandu apate muda wa kuswaga ng'ombe. Baadaye ikamwagwa changarawe. Sasa inakuja lami, na lami inakuja na uzio, na uzio umepimwa kukata njia ya ng'ombe wetu kwenda lamboni kunywa maji. Kuzunguka ni kilomita tisa; ndama hawafiki. Ndipo Mwandu akalundika udongo njiani, akidhani uzio haupiti juu ya kaburi.

"Mpimaji aliuliza jina la marehemu ghafla, nikaliandika msalabani," akasema.

"Jina la mkwe ni mwiko; hulitamki hata ndotoni. Miaka kumi na saba unamwita 'yule wa Sola', kwa kijiji chake."

"Ndiyo maana. Nilijua hakuna atakayenilazimisha kulirudia."

Josia, mpimaji, hakulazimisha. Alisema tu makaburi yanahamishwa, na saa nne angekuja kuandikisha ndugu wa marehemu.

Mama, aliyekuja kutusalimia tangu Jumapili, alitokea jikoni na ungo wake.

"Mwulize mumeo msalaba ni mti gani."

"Mwarobaini," Mwandu akaujibu ukuta.

"Vizuri. Mchwa hawali."

"Naenda kumwambia Josia ukweli," nikasema.

"Kaa. Aliyezikwa ataenda mwenyewe."

Tulimkuta Josia mbele ya lundo, kofia mkononi kwa heshima.

"Mimi ndiye Generoza," mama akamwambia. "Nasikia mnanihamisha. Sina neno. Ila ng'ombe wa wajukuu wangu watapita wapi?"

Josia alitazama msalaba, akamtazama mama, akaikuna karatasi yake kwa kalamu. "Mayu, mama yangu, kona hii ndege haina kazi nayo. Vigingi bado ni vya majaribio. Mngeniuliza tu."

"Mwandu hajui kuuliza. Anajua kuzika."

"Basi kaburi litoke, nami niurudishe uzio ndani hatua ishirini."

Nilimpa Mwandu jembe. Alisawazisha udongo akiwa amempa mkwe mgongo. Josia aling'oa kigingi, akahesabu hatua, akakigongomea upya. Mama akakagua upana wa njia.

"Wenye pembe wawili wanapishana," akasema, akautia msalaba kwapani.