Mifarishi Inayorudi kwa Mama Mdogo

Pini alishusha meno ya cherehani, akautoa mguu wa kawaida unaobana kitambaa, akafunga ule mdogo wa duara, kisha akatandaza mfarishi mezani: vitambaa viwili vilivyobana pamba katikati. Meno yakiwa chini, cherehani haivuti kitambaa tena. Mikono ndiyo inayokiendesha, mbele, nyuma, upande, kama mtu aliyesimamisha kalamu na kuizungusha karatasi. Alikuwa anajifunza kushona manyoya ya ndege.

"Usiikodolee macho sindano," alisema Mama Mdogo kutoka mashine ya jirani. "Sindano haiendi popote. Tazama unakokwenda wewe."

Pini akatazama. Unyoya wa kwanza ukatoka kama sikio la ng'ombe.

"Na huu je?"

"Huo kijiko."

"Na huu?"

"Huo, mwanangu, tuufumue kabla watu wazima hawajauona."

Karakana nzima ikaangua kicheko. Pini naye alicheka, pini zikiwa midomoni kama kawaida yake, na hakumeza hata moja.

Unyoya una utaratibu wake. Unaanza na uti wa katikati. Kutoka hapo unapanda, unazunguka, unashuka, kisha unarudi juu ya mshono uleule uliotoka nao, usiukose hata kwa upana wa uzi. Mguu wako ukikimbia kwenye pedali na mkono ukizubaa, mishono inajazana kama foleni ya maji. Mkono ukikimbia na mguu ukizubaa, inakuwa mirefu kama hatua za mlevi.

Kila mfarishi ukiisha, Madam mwenye karakana alikuja na lebo yake, jina lake limetariziwa kwa uzi wa dhahabu, akaamuru ishonwe pembeni. Yeye mwenyewe mara ya mwisho kukaa kwenye cherehani alikuwa anapigwa picha.

"Siku manyoya yako yatakapokosa kasoro," alimwambia Pini, "utaweka jina lako mwenyewe."

Mama Mdogo aliambiwa maneno hayohayo bado ana meno yote ya mbele. Kasoro ilikuwa haijaisha. Hata hivyo Pini aliyashika. Hakutaka kingine: jina lake, pembeni, hata kwa uzi mweusi.

Mfarishi wake wa kwanza uliruka Jumanne. Yaani, ulijaribu. Manyoya ya upande mmoja yalikuwa mafupi, basi ukachupa kutoka mezani kama kuku aliyefungwa mguu, ukatoka mlangoni, ukatua mtaroni. Pini akaufuata na beseni.

"Kushoto unabana," alisema Mama Mdogo wakiukamua. "Legeza mabega. Unashona kama unayedaiwa."

Mifarishi ya Mama Mdogo ilikuwa inaruka tangu zamani. Ndiyo maana dirisha la stoo lilikuwa na wavu, na kila mteja alipewa kamba nne za kuufungia kwenye miguu ya kitanda. Madam aliwaeleza wateja kwamba hiyo ni sifa ya pamba nzuri.

Yalipokaribia maonyesho ya kazi za mikono, Pini alimaliza mfarishi wa buluu, manyoya yamelala kifuani mwake kama ya ndege aliyetoka kuoga. Mama Mdogo alipitisha kidole kwenye kila mshono. Akafungua kopo la peremende alilolificha wenzake wasilijue, akampa mbili.

Madam aliuchunguza mbele, akaugeuza, akauchunguza nyuma.

"Buluu imekolea mno," alisema hatimaye, na lebo ya dhahabu ikashonwa.

Ukumbini mfarishi ulibanwa ukutani, chini ya jina la Madam. Pini alikuwa nyuma kabisa na sinia la vikombe. Mgeni rasmi alipofika, katika hotuba yake, kwenye maneno "kazi ya mikono yake mwenyewe," mfarishi ulijikung'uta vibanio, ukapita juu ya kofia za wageni, ukampita Madam aliyekuwa amekwisha kutanua mikono kwa ajili ya wapiga picha, ukatua mabegani mwa Pini. Mgeni rasmi aliinamisha kichwa kuupisha, akageuza ukurasa.

"Umemzoea mbebaji," alisema Madam.

"Kama paka na mpishi," alisema mgeni rasmi. Watu wakacheka.

Pini akazitoa pini mdomoni. "Madam, hauna kasoro. Umeruka."

"Ungekuwa hauna kasoro," alijibu Madam kwa upole, "ungetulia ukutani."

Wageni wakaona hoja hiyo ina mashiko. Madam akakabidhiwa kombe. Kuanzia hapo, mifarishi ya maonyesho hupigiliwa misumari.

Wakati huohuo kamba za zamani zilianza kuoza vitandani mwa watu, na mifarishi ya zamani ikaanza kurudi. Jua likizama ilipita juu ya nyumba kubwa ya Madam bila kupunguza mwendo, ikaja kutua kwenye paa la bati la Mama Mdogo, anakoishi na Pini, imepauka, inanuka sabuni za nyumba za watu. Mama Mdogo alitoka na kiti akaitambua mmoja mmoja.

"Ule niliushona nina mimba. Yule mwekundu, wiki tuliyomzika mama yako. Tazama manyoya yalivyoinama. Madam alisema yameinama mno."

Lebo zote zilikuwa nzima. Uzi wa dhahabu haupauki.

Asubuhi wateja wanakuja na kamba mpya.

"Hodi! Mfarishi wa Madam umelala hapa?"

"Upo," Mama Mdogo anaitikia kutoka ndani. "Subiri, ndiyo kwanza unaamka."

Leo aliyekuja alikuwa ameufuata ule wa buluu, aliouuziwa baada ya maonyesho, nao umekata kamba zake mpya. Pini aliegemeza ngazi, akapanda, akauteremsha, akaukung'uta umande, akaukunja vizuri lebo ikiwa juu, kama alivyofundishwa kazini. Mteja akashukuru sana, akaomba amfikishie Madam salamu.

Pini alizifikisha.