Koti la Ujerumani

Hoho ya kwanza kupasuka juu ya jiko ilimrushia Filip maji ya moto kwenye ndevu. Akaruka nyuma, akamkanyaga mwenzake, na wanawake wa jengo zima, ambao tangu asubuhi walikuwa wameegemea vibaraza vyao wakijifanya wanaanika nguo, wakaangua kicheko.

"Usiikimbie, mwanangu," Rumena alimwambia. "Igeuze. Ikishakuwa nyeusi pande zote ndiyo imeiva. Hiyo yako bado ni kachumbari."

Ilikuwa Jumamosi mwishoni mwa Septemba na mji wetu wote wa Štip ulinukia hoho za kuchoma. Nyuma ya jengo letu, kati ya mabanda ya kuni na kamba za nguo, Rumena alikuwa amepanga majiko ya bati, meza ya kumenyea, masufuria, na wanafunzi wake wa kwanza: Filip na vijana wenzake wachache kutoka mji mkuu, Skopje, wenye kazi za kompyuta na aproni mpya, waliolipa ili wafundishwe kupika ajvari, rojo ya hoho tunayoiweka akiba ya majira ya baridi. Bibi zao walikuwa wameshakufa au wameshachoka, na huko ghorofani wanakoishi huwezi kuwasha moto wa kuni. Tuliposikia habari hiyo mara ya kwanza tulicheka sana. Mtu mzima na akili zake alipie kumenya hoho! Sisi tungelipa tusimenye.

Rumena hakuwa na nafasi ya kucheka. Kiwanda cha mashati alichokishonea tangu usichana kilifuta zamu ya pili kabla ya kiangazi, na yeye alikuwa wa zamu ya pili. Tangu hapo umeme ulipanda, mafuta ya alizeti yakapanda, na mwaka huu hata hoho, ambazo zinalimwa hapo bondeni tunapoziona kwa macho, zilipanda mpaka watu wakawa wanauliza bei na kuondoka. Dada yake Blaga, aliyeko Ujerumani, alimtafutia kazi kwenye kiwanda cha nyama na kumkatia nafasi kwenye basi la Jumapili alfajiri. Begi lilikuwa limeshafungwa, limesimama nyuma ya mlango, na juu kabisa ndani yake koti zito alilonunua kwa amri ya Blaga. Rumena hakutaka kwenda. Alijiwekea ahadi: siku hii ikienda vizuri, kuna makundi mengine yanasubiri, na atabaki. Ikiharibika, atapanda basi. Hakumwambia mtu ila Bibi Persa wa ghorofa ya chini, yaani jengo zima tulijua.

Tatizo lilikuwa kibali. Kupika ajvari ya nyumbani kwako nyuma ya jengo, hiyo ruhusa tumezaliwa nayo. Lakini kufundisha watu kwa malipo kwenye uwanja huu, ambao ni wa manispaa, kunataka kibali. Rumena alikwenda manispaa kukiomba. Dirisha la vyakula likamwambia haya ni mambo ya elimu. Dirisha la elimu likamwambia haya ni mambo ya vyakula. Mwishowe mwanamke mmoja akapokea maombi yake bila kuinua macho, akamwambia jibu litatoka Novemba. Novemba hakuna hoho hata moja duniani. Rumena alimweleza hivyo, na yule mwanamke akamwambia basi apike kitu kingine.

Kwa hiyo aliwasha moto bila kibali.

Mpaka adhuhuri mambo yalikwenda vizuri kuliko alivyotarajia. Wanafunzi walichoma, wakafunika hoho kwenye sufuria zipate jasho, wakamenya mpaka kucha zikawa nyeusi. Msichana mmoja alitaka kuziosha hoho zilizomenywa ili zitakate, na Rumena akamdaka mkono na kumwambia kwa upole kwamba ukiosha unamwaga utamu wote, bora vibaki vipande vya weusi. Hoho za jana, zilizolala zikichuruzika maji ndani ya foronya iliyoning'inizwa, zilisagwa na kuwekwa kwenye sufuria kubwa pamoja na mafuta na chumvi, na kukoroga kukaanza.

"Sasa sikilizeni," Rumena alisema, akiwa na mwiko mrefu mkononi. "Hapa hakuna mchezo. Ukishika mwiko, huuachi mpaka mwenzako aushike. Ukiuacha hata kupiga chafya, inashika chini. Ikishika chini, sufuria nzima inanuka kuungua, na hakuna dawa. Unaimwaga."

"Tutajuaje imeiva?" Filip aliuliza.

"Unapitisha mwiko hapa katikati. Ukiona njia inabaki, haijifungi, imeiva. Mambo ya saa achaneni nayo."

Alikuwa na furaha, tuliiona kwa macho. Tangu zamu ya pili ifutwe hatukuwahi kumsikia akiongea kwa sauti ile.

Ndipo gari dogo jeupe la manispaa likaingia uwanjani na kusimama pembeni ya kamba za nguo. Akashuka Naum Ristov, mkaguzi, kijana wa miaka thelathini na kitu mwenye jaketi lenye nembo na uso wa mtu ambaye hajala.

"Kazi njema," alisema. "Nani mwenye shughuli hii?"

Rumena aliendelea kukoroga, macho ndani ya sufuria.

"Tumepata malalamiko ya moshi. Na tumeambiwa hapa kuna biashara ya mafunzo. Kama kuna kibali, nionyesheni. Kama hakuna, naomba mzime moto."

"Malalamiko ya nani?" Bibi Persa aliuliza, huku akitazama moja kwa moja dirisha la ghorofa ya tatu, anakoishi Mzee Gligor. Pazia la dirisha hilo likatikisika.

"Hilo siruhusiwi kusema, bibi."

"Basi usiseme, kikohozi chake tunakijua. Na biashara hakuna, mwanangu. Hii ni ajvari ya familia. Yangu. Hawa wote ni wanangu."

"Wote?"

"Huyu ni mjukuu wangu," alisema Bibi Persa, akamkumbatia Filip kiunoni, maana mabega hakuyafikia. "Wale ni wenzake. Wamekuja kumsaidia bibi."

Naum alimtazama Filip, ndevu zake na aproni yake mpya. Hakuwa mjinga.

"Kaka," alimwambia, "bibi yako huyu, kwenye ajvari anaweka biringani au haweki?"

Filip alitazama sufuria, akatazama mbingu.

"Anaweka," alisema. "Kidogo."

Hapo Bibi Persa angetakiwa kuitikia kwa kichwa tu, na mambo yangeisha. Wote tuliomba aitikie. Lakini yule mama ana miaka themanini, na katika miaka hiyo yote hajawahi kusingiziwa namna hiyo.

"Biringani?" alipiga yowe, akimwachia kiuno. "Mimi? Ndani ya ajvari? Nani kakufundisha uchafu huo, wewe mtoto? Mama yako ni nani?"

"Uchafu?" Dirisha la ghorofa ya tatu likafunguka kwa kishindo, na Mzee Gligor akatokeza kichwa. "Uchafu, Persa? Marehemu mke wangu ameweka biringani miaka yote, na wewe ulikuwa unakuja na mkate wako hapa mlangoni kwangu kuramba sufuria!"

"Nilikuwa namwonea huruma! Na wewe mchongezi shuka huku useme vizuri!"

"Nashuka! Na mimi nililalamikia moshi, sikulalamikia ajvari! Shuka zangu zote zinanuka!"

Alishuka kweli, na kandambili zake, huku akikohoa. Kutoka kwenye vibaraza wanawake wakaingilia: mmoja akasema biringani inaongeza ulaini, mwingine akasema inaongeza umaskini, mtu hana hoho anajazia biringani. Wanafunzi wa Skopje nao wakakumbuka bibi zao, wakagawanyika papo hapo. Na Rumena, ambaye mpaka hapo alikuwa akiwaza basi na begi na Ujerumani, alisikia mtu akisema kwamba hata yeye huweka biringani kwa siri. Akageuka.

"Mimi?" alisema, akampiga Mzee Gligor kidole cha kifua. "Mimi naweka biringani? Aliyesema hivyo aje aseme hapa!"

Mwiko ulikuwa umesimama peke yake katikati ya sufuria.

Aliyenusa wa kwanza alikuwa mkaguzi.

"Inashika!" Naum alipiga kelele. "Inashika chini! Nyie watu mna wazimu?"

Alimsukuma Filip pembeni, akaudaka mwiko kwa mikono miwili na kuanza kukwangua kitako cha sufuria, kutoka ukingoni kwenda katikati, bila kuruka mahali. Jaketi likarukiwa na matone mekundu. Kwa mguu alivuta kuni moja kubwa nje ya jiko ili moto upungue. Rumena alichota kidogo kwa kijiko, akapuliza, akaonja, akafumba macho.

"Haijashika," alisema. "Mungu wangu. Haijashika."

Alitaka kuupokea mwiko lakini Naum hakumwachia. Aliendelea kukoroga.

"Nani kakufundisha?" Bibi Persa aliuliza, sauti ikiwa imeshuka.

"Mama."

"Yuko wapi siku hizi?"

"Slovenia. Analea wazee wa watu." Alikwangua ukingo. "Huko hawawashi moto nje. Mwaka jana alinitumia ajvari ya dukani kwa posta. Mama yangu mimi, ananitumia ya dukani."

Rumena aliangalia chini, maana ilikuwa kama kijana huyo amelifungua lile begi la nyuma ya mlango mbele za watu.

Simu ya Naum ikaita. Aliibana kati ya sikio na bega, mikono ikiwa kazini, na sauti ya mkuu wake tukaisikia hadi kwenye kamba za nguo: moto umezimwa au haujazimwa?

"Hapa kuna familia inapika ajvari, mkuu," alisema Naum.

Sauti ikauliza familia gani, wakati wameambiwa ni watu wa kutoka nje.

Naum alitutazama. Bibi Persa alikuwa amejishika kiuno. Mzee Gligor alikuwa anahema na kandambili zake.

"Ni familia, mkuu. Nimewakuta wanagombana kuhusu biringani, wanatajiana mpaka marehemu. Watu baki hawagombani hivyo."

Tukasikia mkuu wake akiuliza taratibu wanaoweka ni akina nani na wasioweka ni akina nani, na Naum akakata simu.

"Leo nimesema ni familia," alimwambia Rumena, akimpa mwiko hatimaye. "Jumamosi ijayo siwezi kusema tena, mama. Atatumwa mwingine au nitafukuzwa mimi. Leta kibali."

"Kibali Novemba."

"Najua. Hata sisi tunacheka kule ofisini, halafu tunatoka kuja kuzima mioto." Alijifuta jaketi, akazidi kulichafua. "Lakini kibali ni cha uwanja wa manispaa. Ua wa mtu binafsi haunihusu."

Rumena hakuwa na ua. Hakuna mtu wa jengo letu mwenye ua, ndiyo maana tunaishi kwenye jengo. Furaha yote ilimtoka usoni, na akakoroga polepole, akijua sasa kwamba leo imeokoka lakini msimu haujaokoka.

Mzee Gligor alikohoa. Mara hii haikuwa kwa sababu ya moshi.

"Nyumba ya marehemu mama ipo," alisema, akitazama kandambili zake. "Kule mtoni. Ua mkubwa, kisima kipo, jiko limejengewa. Tangu afe sijafungua lango."

"Na shuka zako?" Bibi Persa aliuliza.

"Kule moshi utanitafuta wapi?" Kisha akainua kidole. "Ila nina sharti. Kila kundi, sufuria moja ya biringani."

Rumena alifikiri kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili kwa mwanamke mwenye shida zake.

"Sufuria ndogo," alisema.

"Ndogo," alikubali Mzee Gligor, na wanafunzi wakapiga makofi, nusu yao wakishangilia biringani.

Jua lilipoanza kushuka, Rumena alipitisha mwiko katikati ya sufuria, na njia ikabaki wazi, nyekundu pande zote mbili, haikujifunga. Aliwaita waione mmoja mmoja. Naum, ambaye alikuwa amesema anaondoka mara kadhaa, aliiona mara mbili. Wakajaza chupa za mdomo mpana ikiwa bado inachemka, wakakaza vifuniko kwa matambara, wakazipanga juu ya mbao kwenye banda la kuni.

Hapo yakabaki mablanketi. Chupa za moto lazima zifunikwe zipoe polepole usiku kucha, na hazisogezwi wala kuguswa mpaka asubuhi, la sivyo vifuniko havikazi. Bibi Persa alileta mablanketi yake, Mzee Gligor akaleta shuka zake zinazonuka. Lakini chupa zilikuwa nyingi kuliko walivyokadiria, na mstari wa mwisho, karibu na mlango wa banda ambako upepo unaingia, ulibaki wazi.

Rumena alipanda ngazi. Aliporudi alikuwa na koti zito la kijivu mkononi, lebo ya dukani ikiwa bado inaning'inia kwenye mkono. Alikuwa analitandaza juu ya chupa simu ilipoita.

"Umefunga mizigo?" Blaga aliuliza kutoka Ujerumani. "Basi halisubiri mtu."

"Nimefungua."

"Umefungua nini? Rumena, na koti umenunua? Huku kumeshaanza baridi."

"Nimenunua," alisema Rumena, akipiga magoti kwenye vumbi la kuni. "Zuri sana, dada yangu. Lina joto kweli."

Akakunja mikono ya koti na kuichomeka chini ya safu ya mwisho, upepo usipate pa kuingilia, kisha akafunga mlango wa banda na kutia ufunguo mfukoni.