Ubao wa Pande Mbili

Nimewasikia wanaosema Baa ya Saa Kumi iliokolewa na wakubwa wa mji wa Mbarara. Uongo mtupu. Iliokolewa na mimi, Constance Nyirabizimana, mama Divine, muuza maziwa, mwimbaji wa kwaya, ambaye hadi leo sijaonja bia. Wa kuudhika na audhike.

Baa yenyewe iko Kakoba. Ilijengwa mwaka 1938, matofali mekundu na baraza ya nguzo nne, na tangu siku hiyo mlango wake hufunguliwa saa kumi alasiri, ije mvua, lije jua. Hata vita vya mwaka 1979 vilipobomoa nyumba za jirani, mzee Rugamba, mwenye baa, alifungua saa kumi.

Mimi nilifika mwaka 2000 kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale na vibuyu vyangu vya maziwa. Wenye maduka walinifukuza milangoni mwao: toka hapa, mkimbizi. Rugamba akanipa baraza yake nzima. "Bia ndani, maziwa nje," akasema, "na mimi nitakunywa pande zote."

Mwaka 2004 akaugua, akapelekwa Biharwe kuuguzwa. Musoni, mwanawe, alitaka kufunga. Mzee akaniita akanikabidhi ufunguo: saa kumi isipite bila mlango kufunguliwa. Nikaapa.

Lakini kanisa letu halina mchezo na pombe. Anayeuza ni sawa na anayekunywa, wote hutengwa na meza ya Bwana. Basi nikafanya ujanja ambao leo naucheka kwa aibu. Chupa nilizishika kwa kitambaa, ili nikiulizwa niweze kuapa kwamba mkono wangu haujagusa pombe. Na kila Alhamisi, mchungaji Nehemiya alipokuja mjini kutoka Nakivale kununua vitu vya kanisa, niligeuza ubao ulioning'inia juu ya mlango. Upande wa mbele, BAA. Upande wa nyuma nilikuwa nimeandika MAZIWA. Nilimtolea kigoda mpaka barabarani, maana kwetu maziwa hayanywewi wima. Akanywa, akanibariki, akapanda gari. Saa kumi ikifika, nageuza ubao tena. Hivyo kwa miaka miwili, mpaka mzee akapona na kurudi.

Rugamba alifariki mwaka 2012. Kaburi halijakauka, Musoni anataka kubomoa ajenge ghorofa la maduka. Kilichomzuia ni kamati iliyokuwa ikiandika majengo ya kale ya mji. Baa ambayo haikufungwa tangu 1938 ingewekwa kwenye orodha, na hakuna ambaye angegusa hata tofali lake.

Siku ya kikao tulikaa pale pale barazani. Musoni akatoa picha yake ya mwaka 2004, yuko juu ya pikipiki mpya. Nyuma yake ubao unasomeka: MAZIWA.

"Miaka mbili hapa hakuna baa," akasema. "Na shahidi iko."

Shahidi alikuwa Nehemiya. Mwenyekiti, mama mmoja wa Kinyankore, akamuuliza alikuwa akinywa nini hapa.

"Maziwa, kila Alhamisi," akajibu. "Pombe sikuona hata siku moja."

Hakudanganya. Mwongo nilikuwa mimi.

Nikinyamaza, nabaki na kwaya yangu na nyumba ya mtu aliyenipokea inakuwa kifusi. Nikisema, natengwa mchana kweupe. Nikamtazama Musoni, anatabasamu. Hasira zikanipanda, na kwanza kabisa nilijikasirikia mwenyewe.

Niliingia ndani. Kitambaa nilikiacha kwenye msumari wake. Nikatoka nimeshika chupa ya bia kwa mkono mtupu, nikaitua mezani mbele ya kamati mpaka kalamu zikaruka.

"Ile picha ni ya Alhamisi," nikasema. "Ule ubao ni mimi niligeuza, juu ya kumuficha pasta. Saa kumi nilikuwa nafungua baa, kila siku, miaka mbili. Muulize bale bazee, balikunywa hapa. Niliuzisha pombe, tena mingi!"

Wazee wa baa wakapiga makofi, na mmoja akaapa kwa jina la mama yake. Nehemiya akasimama.

"Mama Divine, unajua fasi unajiweka?"

"Najua, pasta." Nikaishika nguzo ya baraza. "Fasi hii njo ilinipokea."

Nilitengwa mwaka mzima. Nililia, sifichi. Baa ikaingia kwenye orodha, na Musoni akaenda kutafuta kiwanja kwingine. Fundi alipokuja kupaka ubao rangi upya, nilimwambia autundike ukiwa umetokeza njiani, ili pande zote mbili zisomeke siku zote.

Alhamisi moja ya mwaka 2015 Nehemiya akaja. Alisimama barabarani, jua limemchoma, anangoja kigoda. Nikajaza kikombe mpaka juu, nikakiweka kwenye meza ya ndani kabisa, karibu na kreti za bia.

"Mama Divine, kiti iko wapi?" akauliza.

"Maziwa hatukunywaka tukisimama, pasta," nikamjibu. "Na kiti iko mu ndani."