Kiingereza cha Kupeana Mgongo

Amoni Simbeye alikuwa na hakika kwamba Wazungu waliitengeneza lugha yao makusudi ili kumchosha yeye.

Mtu wa Tunduma akitaka kusema amelifunga lango, husema nimelifunga, basi, anakwenda kula. Mwenye kufunga yumo, kufunga kwenyewe kumo, na lango limo, wote wamejibana ndani ya neno moja kama watoto chini ya blanketi. Mzungu hataki. Kwake kila mmoja lazima apate kitanda chake: I alale hapa, close pale, it kule. Na ukishawalaza wote watatu anakuja mgeni anaitwa always, ndiye siku zote wa Kiingereza, anajipenyeza kati ya mtu na kazi yake bila hodi. I always close it. Ukidhani sasa umeelewa, anakuja mwenzake yesterday, yaani jana, naye katikati hakai hata umchape. Anataka mwisho.

"Kwa nini huyu akae katikati na yule mwisho?" Amoni aliuuliza uwanja uliokuwa mbele yake.

Nyuma yake kulikuwa na uzio wa matete, na nyuma ya uzio alikaa mkamwana wake Nesta, akichambua maharage. Nesta ndiye aliyejua jibu. Alikuwa amekulia ng'ambo ya mpaka, nyumbani kwa wamisheni, na Kiingereza alikisema kama mtu anayetafuna hindi la kuchoma. Lakini jibu hakulitoa kwa Amoni. Alimpa mama mkwe wake, Enesi, aliyekaa kwenye upenyo wa uzio akiwa na sura ya mtu aliyebebeshwa mzigo wa wengine.

"Mama," alisema Nesta, "ndivyo yalivyo. Hayana kwa nini."

"Hayana kwa nini," Enesi akamwambia mumewe.

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

Kwa desturi ya kwao mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, wala hasemi naye, wala halitaji jina lake. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Huwa hivyo mpaka mzee mwenyewe atakapomtolea mbuzi. Mbuzi akitoka, mkamwana humletea mzee ugali kwa mikono yake, na kuanzia hapo hutazamana kama watu. Amoni mbuzi alikuwa naye, beberu jeusi lenye kifua kipana. Nia ya kulitoa ndiyo hakuwa nayo. Alisema mbuzi hutoka mtoto wa kwanza anapozaliwa, naye hajasikia kilio cha mtoto uani kwake. Enesi alimkumbusha kwamba mwana wao Tuntufye, mume wa Nesta, ambaye ndiye angemleta huyo mtoto, yuko migodini Nkana, na watoto hawatumwi kwa posta.

Kiingereza chenyewe alikitaka kwa ajili ya lango. Tangu vita vya Hitila viishe, serikali ilikuwa imeweka lango la karantini pale mpakani ili ng'ombe wagonjwa wasivuke, na alitafutwa mlinzi. Bwana Mifugo aliyekuja kusimamia alitoka upande wa Rodesia, na Kiswahili chake kiliishia kwenye jambo na maji moto. Alitaka mtu wa kumweleza kwa Kiingereza nani amepita, nani hajapita, na lini. Amoni akiipata kazi hiyo, atalala kwake. Akiikosa, atarudi migodini chini ya ardhi, na kifua chake kilikwisha kumwambia kwamba safari nyingine haitakuwa na kurudi.

Kwa hiyo kila alasiri alikaa kwenye kigoda, mgongo kwenye uzio, akapaaza sauti.

"I close it always!"

Maharage yakanyamaza. "Mama, mwambie baba asimburute always mpaka mwisho."

"Usimburute mpaka mwisho," alisema Enesi.

"Nani?"

"Mimi nitamjuaje? Ni wenu."

Lilikuwapo pia neno you. Hilo Nesta alilikataa katakata. Alimweleza mama mkwe kwamba halina heshima, kwamba mtoto, mzee na mbwa wote huitwa kwa neno hilohilo moja, na hawezi kulitamka mbele ya baba hata kama wamepeana mgongo. Amoni akasema vizuri, asilitamke, maneno yamekwisha kuwa mengi. Siku ya kuitwa ilipofika, aliweza kusema kwamba wao walikuja jana, kwamba yeye hulifunga siku zote, kwamba yule mtu hajapita kamwe, na kila neno likikaa kitandani kwake. Hata Nesta alisema, kwa mama, kwamba baba amefika.

Ofisi ya karantini ilikuwa kibanda cha mabati. Bwana Mifugo alikaa nyuma ya meza, akainua macho yaliyopauka kama maji ya sufuria, akamkazia Amoni usoni.

"Do you always close a gate behind you?"

Hilo you lilimgonga kama kofi. Hakuwa amewahi kuambiwa. Kiingereza chote alichojifunza kilikuwa mgongoni kwake, kilikoingilia, na mbele palikuwa na uso mwekundu tu unaongoja. Bwana Mifugo akauliza tena. Ndipo Amoni akafanya jambo ambalo kwake lilikuwa la busara kabisa: akageuka, akampa Mzungu mgongo, akaliambia koti la mvua lililotundikwa ukutani:

"I always close it! They came yesterday! He never passed!"

Yakatoka yote, safi, kama uji kutoka kwenye kata. Kisha viatu vikazunguka meza, na Bwana Mifugo akaja kusimama kati yake na koti. Maneno yakakatika. Amoni akageuka tena. Mzungu akazunguka tena. Wakazungukana hivyo kama majogoo wawili, mpaka Bwana Mifugo akafungua mlango na kumwambia Amoni, aliyekuwa amempa mgongo na kwa hiyo alielewa kila neno, aje tena Jumatatu, na aje na uso wake.

Nyumbani alifika amefura. Alimlaumu Mzungu, akalilaumu koti, akamlaumu Enesi kwa kukaa kwenye upenyo. Enesi alimwacha amalize.

"Baba Tuntufye," akasema, "Mzungu hana kosa. Umefundishwa na uzio, ukamjibu kama uzio. Mtoe mbuzi, au nianze kukufungia blanketi la Nkana."

Amoni alikwenda zizini akisonya. Beberu lenyewe halikutaka kwenda. Alilivuta kwa kamba, akalisukuma kwa goti, akalitukana kwa Kinamwanga, na walipofika mlango wa jikoni wote wawili walikuwa wanahema. Nesta akatoka. Macho yake yalianzia kwenye kwato, yakapanda kwenye kamba, kwenye mkono, mwishowe yakafika usoni. Amoni naye akamtazama. Tangu mavuno ya mwaka juzi aliishi naye ua mmoja, na hakujua kwamba ana mwanya.

Ugali ukaliwa. Nesta akakaa mbele yake, mikono mapajani, akavuta pumzi.

"You always shout," alisema.

Amoni alihisi maneno yakianza kukimbilia mgongoni. Akayashika. Akakaza macho kwenye ule mwanya.

"I always shout," alijibu, na aliposikia kwamba amekubali kuwa siku zote hupiga kelele, maneno yalikuwa yamekwisha kutoka.

Enesi akauliza mkamwana anasema nini.

"Ananisalimu," alisema Amoni.

Jumatatu alimtazama Bwana Mifugo bila kupepesa, akajibu kila alichoulizwa, kwa sauti iliyowafanya ng'ombe zizini wainue vichwa. Ufunguo wa lango akapewa siku hiyohiyo. Miaka yote aliyokaa pale, aliyemuuliza Kiingereza alikipata wapi aliambiwa kwamba alikinunua, na tena kwa bei ya kuumiza, maana beberu lile lilikuwa na kifua kipana.